Lori la difu tatu na njia zisizo na lami

Mvua za kwanza zikishanyesha Kishapu, kwa kawaida Novemba, madereva wa Fuso huanza kuulizana habari za njia kabla ya kuulizana habari za nyumbani. Udongo mweusi wa mbuga, ambao Septemba ulikuwa umepasuka nyufa za kuvunja mguu wa ng'ombe, hunywa maji, huvimba na kuziba. Lori likipita juu yake, tope hujaa kwenye meno ya tairi mpaka linabaki duara laini lisiloshika kitu. Mwenye lori la kawaida, lile ambalo magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo yanayosukuma, analaza gari kijijini, anatafuta mahali pa kula michembe na kusubiri jua.

Ndipo simu ya mwenye lori la difu tatu inapoanza kuita.

Difu tatu ni jina la mafundi. Lori la kawaida lina difu moja nyuma, au mbili likiwa kubwa. Hili lina ya tatu mbele, chini ya injini, kwa hiyo mihimili yote mitatu inavuta. Jeshini magari ya aina hii ni ya kila siku. Uraiani yamebaki machache, na mengi kati ya hayo yana umri mkubwa kuliko vijana wanaoyatengeneza.

Nililopanda mimi mwishoni mwa masika ni la Kijerumani, lina pua ndefu na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Rangi yake ya kiwandani inaonekana chini ya bodi tu, mahali ambapo hakuna aliyejisumbua kupaka upya. Kwa maelezo ya dereva, lilikuja ukanda huu likiwa na mtambo wa kuchoronga miamba mgongoni, katika miaka ya 1990, kampuni za utafiti wa dhahabu zilipokuwa zikitoboa ardhi usiku na mchana kati ya Kahama na Geita. Utafiti ule ndio uliozaa migodi tunayoijua leo: Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Wachorongaji walipoondoka, mtambo ukauzwa kivyake na lori likapigwa mnada. Mfanyabiashara mmoja wa visima akalichukua, akalifungia kompresa, tangi na rafu za mabomba. Tangu hapo halitafuti dhahabu tena, linatafuta maji.

Ratiba ya safari hiyo ilikuwa hivi: kutoka Shinyanga mjini kwenda kumalizia kisima kijiji kimoja cha Kishapu, kurudi hadi Tinde, kupita Isaka na Kahama, kisha kuacha lami na kukata kwa Kakola na Bukoli mpaka Geita, na kuishia Katoro kwa matengenezo. Kwa nini lori la Shinyanga likatengenezwe Katoro ni jambo nitakalolifikia.

Kwanza udongo, maana bila huo lori hili lingekwishakatwa vyuma chakavu. Usukumani ukishuka kutoka kwenye mawe ya mlimani unakutana na luseni, mchanga unaopitika hata siku ya mvua. Chini yake kuna itogolo, tambarare ngumu inayoteleza juu huku chini ikiwa kavu. Mwisho kabisa bondeni ndiko kwenye mbuga yenyewe. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani huko Usambara, aliyezunguka sehemu kubwa ya Tanganyika kati ya Desemba 1935 na Februari 1936, ndiye aliyewafundisha wanasayansi wa dunia kuuona udongo kama mnyororo unaoshuka na mteremko, kila pete na tabia yake. Wakulima wa huku walikuwa wameshazipa pete hizo majina na kujua ipi ni ya mtama, ipi ni ya mpunga. Dereva wa lori naye anazijua, ila kwa gia: luseni gia ya nne, itogolo ya tatu, mbuga anavuta wenzo wa pili ulio karibu na goti lake na kuingiza gia nzito kabla tairi la mbele halijagusa weusi.

Wenzo huo ndio moyo wa mambo. Nguvu ikitoka kwenye gia boksi haiendi moja kwa moja nyuma. Inaingia kwenye sanduku la pili katikati ya chasi, ambalo mafundi wanaliita transfa, na hapo inagawanywa: propela moja kwenda mbele, nyingine nyuma. Transfa ina mwendo mwepesi wa barabarani na mwendo mzito wa matope, na ina kifungo cha kuunga au kukata mvuto wa mbele. Zaidi ya hapo kuna difuloki, inayofunga magurudumu mawili ya mhimili mmoja yazunguke pamoja, ili moja lililo hewani lisiibe nguvu yote wakati mwenzake amekaa bure kwenye udongo mgumu.

Watu wengi hudhani gari la namna hii likishawashwa kila kitu ni salama. Kumbe linaharibika upesi zaidi barabarani kuliko porini. "Mbele inavuta kwenye tope, siyo kwenye lami," alinifafanulia dereva, mzee mmoja wa Maswa ambaye utingo wake hamwiti kwa jina hata siku moja. "Ukisahau ukaingia lami ya Tinde umeunga, gari inajifunga yenyewe. Utasikia usukani mzito. Ukilazimisha, krosi inakatika." Sababu yake ni rahisi. Lori likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tofauti hiyo inamalizwa na utelezi. Kwenye lami kavu hakuna utelezi, basi mvutano unarudi kwenye propela na meno ya transfa mpaka kitu kilicho dhaifu kuliko vyote kitoe sauti.

Kwa hiyo hata tairi linataka hesabu. Kabla hatujaondoka Shinyanga, utingo alizunguka lori na kamba ya katani, akapima mzingo wa kila tairi na kufunga fundo. Matairi ya mhimili mmoja yakiwa mapya na ya mwingine yamelika, ni kana kwamba gari linakata kona mchana kutwa hata njia ikiwa imenyooka. Alilipata la nyuma kulia limepungua upana wa vidole viwili, akalihamishia kwenye rafu ya akiba. Tairi hizi za 14.00-20 hazipatikani madukani hovyo. Kahama utazikuta za semi na za Fuso zimepangwa hadi dari, lakini ukitaja namba hii muuzaji anakuomba uiandike kwenye karatasi.

Kisima cha Kishapu kilikuwa kimekwishapata maji. Kazi iliyobaki ilikuwa kushusha mabomba na kusafisha. Shinyanga ina historia ndefu ya kutafuta maji kwa njia hii. Kati ya 1974 na 1978 Waholanzi walifadhili mradi mkubwa wa visima vifupi mkoani, vile vya pampu ya mkono, na vingine wazee wa vijiji bado wanakuonyesha vilipokuwa. Baadaye likaja bomba la Ziwa Victoria kutoka Ihelele, Misungwi, linalosimamiwa na mamlaka ya maji ya KASHWASA, likafika Shinyanga na Kahama na kuendelea kusambaa. Bomba hilo ndilo mshindani halisi wa lori letu. Kila kijiji kinachounganishwa ni kijiji kimoja kisichohitaji tena kuchorongwa, na vinavyobaki ni vile vya mbali, nyuma ya mbuga, ambako mwenye mtambo mpya wa mamilioni hataki kuupeleka akauzamishe.

Kutoka huko tukakwama. Nilidhani magurudumu sita yanayovuta maana yake ni kutokukwama. Dereva alicheka. Tofauti, alisema, ni kwamba lori la kawaida linakwama kando ya kijiji, hili linakwama katikati ya bonde mahali ambapo hata trekta halifiki. Mhimili wa mbele ulizama hadi kwenye difu, na difu ikishalala kwenye udongo tairi zinazunguka bure, hata ziwe kumi.

Kazi ilianza kwa kupunguza upepo. Tairi pana likiwa na upepo kidogo linalala, linagusa ardhi eneo kubwa zaidi na halikati udongo kama kisu. Malori ya Kirusi kama ZIL na Ural yana mfumo wa kufanya hivyo dereva akiwa ndani anaendesha. Hapa utingo alifanya kwa msumari, tairi kwa tairi. Kisha koleo. Halafu likaja suala la matawi ya kutandika chini ya tairi, na hapo nikajifunza kitu ambacho kitabu cha magari hakina. Miti iliyokuwa karibu yote ilikuwa ndani ya ngitili, malisho yaliyofungwa na wenyewe ili nyasi na miti irudi. Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa. Ni ngitili hizo, zilizofufuliwa kwa nguvu na mradi wa HASHI kuanzia 1986, zilizorudisha kijani. Ukikata tawi humo bila ruhusa utalipishwa na sungusungu kabla hujawasha gari. Utingo akatumwa kijijini kuomba. "Mwadila, bhabha," alianza kwa adabu zote mbele ya mzee mwenye ngitili, na mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ya kukata. Tukapewa mabua ya mtama badala ya matawi.

Winchi ilikuwapo mbele ya bampa, lakini mbugani hakuna mti wa kufungia. Wakachimba shimo la kina cha kiuno hatua kadhaa mbele, wakalizika tairi la akiba likiwa limesimama, kamba ya chuma ikapita katikati yake, udongo ukarudishwa na kushindiliwa. Winchi ilipovuta, tairi lililozikwa lilitikisika, likashika. Lori likatoka kama lilivyoingia, taratibu, gia ya kwanza nzito, bila dereva kukanyaga mafuta kwa pupa hata mara moja. Kulifukua tairi lile ilikuwa kazi kubwa kuliko kulizika.

Ulaya na Australia wapo watu wanaofanya haya yote kwa starehe. Wananunua lori la jeshi lililostaafu, wanalijengea kitanda na jiko, wanazunguka nalo Sahara au majangwa ya ndani ya Australia wakipiga picha linapozama. Magari yenyewe ni ya ukoo mmoja na hili. Wazo la lori la magurudumu yote lilienea duniani wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipotengeneza zaidi ya malori 500,000 ya GMC ya mihimili mitatu inayovuta, na viwanda vya mataifa mengine vikaendelea kulifuata baada ya vita. Siwacheki watalii hao; pengine ndio watakaoyatunza magari haya sisi tukishayakata. Ila kuna tofauti kati ya kukwama ukiwa na wiki nzima ya likizo na kukwama ukiwa umelipwa nusu ya hela ya kisima.

Tulipofika Tinde dereva alikata mvuto wa mbele, akashuka kukagua, akajaza upepo kwa kompresa ya visima. Isaka tulipita bila kusimama, kati ya foleni za semi za Rwanda na Burundi. Madereva wa semi hutazama lori letu kwa namna ya kijana wa mjini anavyomtazama babu yake stendi. Kisha Kahama, na baada ya Kahama vumbi.

Barabara ya Kahama hadi Geita kwa kupitia Bulyanhulu ni takriban kilomita 120, na kwa miaka mingi imebeba uzito usiolingana nayo: malori ya migodi, ya wachimbaji wadogo yaliyojaa viroba vya mawe, ya matimba ya kuzuilia kuta za maduara, ya marudio yanayopelekwa kuchenjuliwa upya kwa sayanaidi. Ujenzi wa lami upande wa Kahama hadi Kakola umekuwa ukiendelea, lakini penye michepuko ya ujenzi ndipo makorongo yanapokuwa makali zaidi. Mbele ya Kakola usukani ulianza kuvuta kushoto. Dereva aliegesha mara moja, hata kabla hajashuka akawa ameshasema ugonjwa: sentabolti.

Hiki ni kijiti cha chuma kisichozidi unene wa kidole, kinachopita katikati ya majani yote ya springi na kuyashona pamoja. Kichwa chake huingia kwenye tundu lililo juu ya mhimili, na ndicho kinachouambia mhimili ukae wapi. Kikikatika, yubolti mbili zinazofunga springi zinaweza kushika kwa muda, lakini mhimili huanza kurudi nyuma kidogokidogo, tairi husogelea bodi, na gari halinyooki tena. Ukiendelea hivyo, siku moja mhimili unaondoka.

Jeki ya chupa iliwekwa juu ya kipande cha ubao wa mninga, maana bila ubao jeki huingia ardhini badala ya kunyanyua gari. Chasi ikainuliwa mpaka springi ikapoteza mzigo, mhimili ukaegeshwa juu ya gogo. Nati nne za yubolti zilikuwa na kutu. Wakazimwagia dizeli, wakangoja, kisha spana ikaongezewa bomba refu la maji la kisima na utingo akaning'inia mwishoni. Moja baada ya nyingine zikalia na kuachia. Majani ya springi yakabanwa kwa mnyororo ili yasitawanyike, mabaki ya bolti yakapigwa kwa tindo hadi yakatoka chini. Kipya kilitoka kwenye kopo la maziwa ya unga lililo nyuma ya kiti, ambamo kulikuwa na vingine vya namna hiyo, kila kimoja kimefungwa kwenye gazeti lenye grisi. Havikununuliwa dukani. Vilichongwa kutoka kwenye bolti ngumu za karasha, mtambo wa kusagia mwamba.

Kulinganisha matundu ya majani yote kulichukua sehemu kubwa ya alasiri. Jani moja likisogea upana wa unywele, bolti haipiti, na ukiipiga nyundo unaharibu nyuzi. Dereva alilala chali chini ya bodi na msumari mrefu akiwa anausogeza jani kwa jani, utingo juu akilegeza na kukaza mnyororo kwa maelekezo ya neno mojamoja. Ilipopita, nati za yubolti zikakazwa kwa kupokezana pembe kwa pembe. Kabla ya kufika Bukoli tulisimama tena kuzikaza, kwa sababu springi ikishabeba mzigo hukaa upya na nati zote hulegea. Hatua hiyo ndogo ndiyo inayosahauliwa sana, na ndiyo inayokata bolti ya pili.

Historia ya kusubiri vipuri katika nchi hii ni ndefu kuliko historia ya barabara zake. Agosti 10, 1907, luteni wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari la Gaggenau akitaka kuvuka Afrika hadi bahari ya pili. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, Mei 1, 1909. Sehemu ya muda huo hakuwa anasafiri. Injini ilimharibikia na akalazimika kuagiza vifaa kutoka Ujerumani, vije kwa meli, vibebwe na wapagazi. Lori letu nalo ni la Kijerumani, lakini hakuna anayeagiza kitu Ujerumani. Beringi ina namba iliyochongwa ubavuni. Ukiisoma namba hiyo kwa simu, duka la Mwanza linakupa inayolingana, iwe ya China au ya India, kwa kuwa vipimo vya beringi ni vya dunia nzima. Sili nayo imeandikwa milimita zake. Gasketi inakatwa kwa nyundo juu ya karatasi ngumu. Pampu ya dizeli ni ya chuma tupu, haina kompyuta wala sensa, na ikiingia hewa unalegeza skrubu ya chujio na kusukuma kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Semi mpya inayolala barabarani kwa sababu ya taa moja ya njano kwenye dashibodi haina bahati hiyo. Inasubiri mtu mwenye mashine ya kuisoma, na mtu huyo yuko Dar es Salaam.

Vifaa vya kutoka Mwanza sasa vinafika haraka kuliko zamani. Tangu Juni 19, 2025, Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, linavukwa kwa dakika chache. Kabla ya hapo beringi iliyokuwa kwenye basi ilipanga foleni ya kivuko pamoja na abiria wake, na kivuko kikiharibika fundi wa Geita alishinda akinywa kahawa.

Sasa Katoro. Mji huu ulioko magharibi ya Geita, kwenye njia ya Chato, umekua kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo, na dhahabu ya namna hiyo inataka chuma. Mwamba lazima usagwe, na karasha haitoki kiwandani. Inachomelewa hapahapa, kwa bamba za chuma chakavu, na ikisaga mwamba mchana kutwa inakula bushi, shafti na meno kila baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kila mtaa una mashine ya kukerezea, kila kona kuna mchomeleaji anayejua chuma kipi kinakubali moto na kipi kitapasuka kikipoa. Wengi hawajawahi kukaa darasani VETA. Wameanza kwa kushika tochi, wakapanda. Mtu anayeweza kutengeneza shafti ya karasha isiyovunjika anaweza kutengeneza karibu kila kitu chini ya lori la difu tatu, ndiyo maana mwenye visima wa Shinyanga yuko tayari kulileta gari lake huku.

Gereji yenyewe ni uwanja wenye mwembe mmoja na shimo lililojengewa tofali. Fundi mkuu, mwanamume mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua nati ya chini ya difu ya mbele na oili ikatoka ikiwa chai ya maziwa. Maji. Hakushangaa. Difu ikipata moto barabarani kisha ikatumbukizwa ghafla kwenye bonde lenye maji, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta chochote kilichopo nje kupitia kipumulio kidogo kilicho juu yake. Dawa ni kukiongezea kipumulio hicho mpira mrefu na kuupandisha hadi nyuma ya kibanda cha dereva, juu ya maji yoyote utakayoyapita. "Nilikuambia mwaka jana, mzee wangu," alisema fundi bila kuinua kichwa. Dereva akanyamaza. Mpira wenyewe ni ule wa kunyunyizia bustani.

Akafungua pia kitovu cha gurudumu la mbele kushoto, ambako oili ilikuwa ikivuja tangu Kishapu. Beringi ilikuwa nzima lakini mahali pa sili palikuwa pamelika mfereji unaohisika kwa ukucha. Sili mpya juu ya mfereji wa zamani itavuja kabla ya jua kuzama. Kipande kikapelekwa kwa mkerezaji, akapunguza sehemu iliyolika, akapachika pete nyembamba ya chuma kigumu kwa moto, akaikereza tena hadi kipimo cha awali. Alikipima kwa kalipa iliyopauka tarakimu. Anazijua kwa kuhesabu mistari. Kazi hiyo yote iligharimu chini ya bei ya tairi moja bovu.

Karibu na uwanja huo karasha ilikuwa ikinguruma, na nilipochungulia nikaona kilichokuwa kikiizungusha: injini ndogo ya dizeli, mkanda, na difu nzima ya lori, imefungwa kwenye zege, upande mmoja umezuiwa ili upande wa pili uzunguke. Difu ya lori kubwa hupunguza mwendo na kuongeza nguvu, na hicho ndicho karasha inachotaka. Hapo nikaelewa kwa nini malori ya difu tatu yanapungua Geita hata pale ambapo yangeendelea kutembea. Uzee hauyamalizi, wala ukosefu wa vipuri. Lori moja likikatwa linatoa karasha tatu, na karasha inalipa kila wiki, wakati kisima kinalipa kikishapata maji na mwenyekiti wa kijiji akishakusanya michango. Ukiweka hesabu hiyo mezani, na TARURA ikiendelea kufungua barabara za vijijini kama inavyofanya tangu ilipoanzishwa 2017, mwenye lori ana sababu nyingi za kuuza na moja tu ya kutouza, ambayo ni ile mbuga ya Kishapu.

Mwenye karasha alikuwa ameshalizunguka lori letu kabla hatujamaliza kunywa chai. Aliinama, akagonga difu ya mbele kwa kokoto, akasikiliza mlio wake. Akauliza bei. Dereva alimpigia tajiri wake, akaweka simu sauti ya juu ili kila mtu asikie.

"Mwambie hiyo haiuzwi," ilisema sauti kutoka Shinyanga. "Nina visima Kishapu mpaka mvua zirudi."

"Na mvua zikirudi?"

"Zikirudi ndiyo nitaihitaji zaidi. Halafu mwambie fundi apunguze, bei aliyonitumia ni ya gari jipya."

Mwenye karasha alicheka, akaacha namba yake kwa utingo hata hivyo. Fundi alikuwa amekwisha kufunga nati ya chini na sasa alihitaji oili mpya ya difu, madumu mawili, ambayo duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa nayo kwa bei ya Katoro, siyo ya Mwanza. Dereva na fundi wakaanza kubishana ni nani aliyeahidi kuileta.